Skana, mbwa, upekuzi wa mkono au kuwabana watumishi? Jinsi ya kuchagua njia ya kuzuia magendo gerezani

Simu ikikutwa ndani ya godoro la mfungwa, jioni hiyohiyo utasikia: tununue skana. Mgeni akinaswa na bangi, utasikia: tulete mbwa. Droni ikidondosha mzigo uwanjani, utasikia: tutandaze nyavu. Fedha zinatoka, kifaa kinafungwa, na baada ya miezi michache simu zinaendelea kulia usiku kama kawaida. Mara nyingi kifaa ni kizima kabisa, ila kimewekwa kwenye mlango ambao mzigo haupitii.

Makala haya ni kwa mkuu wa gereza, afisa usalama au mjumbe wa kamati ya ukaguzi aliyekaa na bajeti ya kitu kimoja au viwili, na mapendekezo saba mezani. Nitayapima yote kwa vigezo vilevile, kisha nitasema lipi linafaa wapi.

Vigezo kabla ya kifaa

Anza na mlango. Magendo huingia gerezani kwa njia zinazojulikana: mwilini au kwenye nguo za mgeni, kwa mfungwa anayerudi kutoka mahakamani, hospitali au kazi za nje, ndani ya barua na vifurushi, juu ya ukuta, kwa kurushwa au kwa droni, kwenye magari ya chakula na vifaa, na mikononi mwa mtumishi. Daftari la vitu vilivyokamatwa, likiandikwa vizuri, litakuonyesha mlango wako ni upi. Simu nane zilizokutwa pamoja, kila moja na chaja yake, zikiwa bado kwenye nailoni za dukani, hazikupita tumboni mwa mtu. Zilikuja kwa gari, kwa droni, au ndani ya begi ambalo halikufunguliwa getini. Simu ndogo kama kidole gumba, iliyoviringishwa plastiki tabaka juu ya tabaka, inasimulia safari nyingine kabisa. Ndiyo maana inauma kuona daftari limeandikwa "simu 1" na hakuna kingine, halafu simu yenyewe imeshavunjwa na kutupwa. Andika imekutwa wapi, siku gani, zamu ipi, na ilivyokuwa imefungwa.

Pili, njia hiyo inaona nini na inapitisha nini. Tatu, gharama ya kuiendesha kila siku: watu, umeme, mafunzo, matengenezo. Bei ya kununua ndiyo sehemu ndogo. Nne, heshima ya anayepekuliwa. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka upekuzi uwe wa kisheria, wenye sababu ya lazima na unaolingana na hatari iliyopo, na zinakataza kuutumia kumtesa au kumtisha mfungwa. Tano, ukiziba hapa mzigo utahamia wapi, maana utahama.

Jambo moja niliondoe mapema. Pombe ya gerezani kwa kawaida huchachushwa humohumo kwa matunda, sukari na mkate. Hakuna geti litakaloikamata. Kama tatizo lako kubwa ni ulevi wa aina hiyo, pesa za skana zingefanya kazi zaidi kwenye usimamizi wa jiko na ukaguzi wa mabweni.

Upekuzi wa mkono

Huu unahusu wageni, wafungwa wanaorudi, na selo zenyewe. Mkono uliofunzwa hugusa pindo la suruali, kola, soli ya kiatu iliyopasuliwa na kugundishwa upya, na hupata kile ambacho hakina chuma wala harufu. Hauoni ndani ya mwili. Adui yake ni uchovu: mgeni wa kwanza asubuhi anapekuliwa hadi mshono wa soksi, mgeni wa hamsini anapapaswa mabega na kuambiwa pita.

Kwa fedha ni njia nafuu, kwa watu ni ghali. Kila zamu inahitaji askari wa kike wa kupekua wanawake, na pale ambapo hawatoshi, ama foleni inasimama ama sheria inavunjwa.

Kwenye heshima ndipo ilipo nzito kuliko zote. Kanuni za Mandela zinasema upekuzi wa kuvua nguo ufanywe pale tu ambapo hakuna budi, faraghani, na mtumishi aliyefunzwa wa jinsia moja na anayepekuliwa. Upekuzi wa sehemu za ndani za mwili hufanywa na mtaalamu wa afya ambaye si yule anayemtibu mfungwa huyo, au angalau na mtumishi aliyefunzwa na mtaalamu wa afya. Kwa wageni, upekuzi wa ndani ya mwili uepukwe, na kwa mtoto usifanywe kabisa. Mgeni ana haki ya kukataa kupekuliwa na kuondoka. Gereza nalo lina haki ya kumnyima ziara. Kila upekuzi wa namna hiyo uandikwe: sababu, aliyefanya, kilichopatikana.

Hebu mtazame mama aliyesafiri usiku kucha na mtoto mgongoni. Anafika kwenye chumba cha upekuzi, anaambiwa amfungue mtoto nepi, na mlango uko wazi kwa kila anayepita kwenye korido. Hana kitu. Mwezi ujao haji. Hasara hiyo haimo kwenye daftari lolote la usalama, na kwangu ni hasara ya kiusalama pia, kama nitakavyoeleza mwishoni.

Upekuzi wa mkono unalifaa gereza dogo, lenye wageni wachache kwa siku, umeme usiotabirika, na askari wa kutosha wa jinsia zote mbili. Ukiwa na wageni mamia, utageuka kuwa maigizo.

Mashine

Watu husema "skana" wakimaanisha vitu vinne tofauti, na manunuzi mengi huharibikia hapo.

Geti la chuma huona chuma, basi. Dawa za kulevya, karatasi na tumbaku hupita zikitembea. Kiti cha kubaini chuma hufanya kazi kwa usumaku, hakitoi mionzi, na mtu hukikalia akiwa na nguo zake. Kinafaa kwa simu na visu vilivyofichwa mwilini, na hakioni unga wala bangi. Mashine za mawimbi mafupi kama zile za viwanja vya ndege huona kilicho chini ya nguo lakini hazipenyi ngozi. Skana ya eksirei inayopenya mwili ndiyo pekee kati ya hizi inayoweza kuonyesha kifurushi cha dawa tumboni.

Hiyo ya mwisho ina hesabu yake. Kiwango kinachotumika Marekani huruhusu mtu mmoja kupata mikrosiveti 250 (kipimo cha dozi ya mionzi) kwa mwaka kutokana na ukaguzi wa aina hii. Ni kidogo, ukizingatia kwamba mionzi ya asili humpa mtu wa kawaida duniani takriban mikrosiveti 2,400 kwa mwaka. Lakini mashine za kupenya mwili zinaweza kutoa hadi mikrosiveti 10 kwa picha moja. Ikiwa yako inatoa 5, una picha 50 tu kwa kila mfungwa kwa mwaka, kama moja kwa wiki. Mfungwa anayetoka kufanya kazi za nje kila siku atamaliza mgao huo kabla ya robo ya mwaka kwisha. Kwa hiyo skana hii inahitaji daftari la dozi la kila mtu, utaratibu wa kuamua nani apigwe picha na kwa sababu gani, na njia nyingine kwa wajawazito.

Pia picha haiandiki "simu". Inaonyesha kivuli cha kijivu, na chakula na gesi tumboni navyo vina vivuli. Anayesoma picha ni mtu, anahitaji mafunzo na mazoezi, na gereza linahitaji watu kama hao kadhaa kwa sababu kuna zamu, likizo na uhamisho. Nusu ya thamani ya mashine iko kichwani mwa askari huyo. Ukimhamisha bila mrithi, umehamisha mashine.

Kwa heshima, mashine inashinda upekuzi wa kuvua nguo. Kanuni za Bangkok za mwaka 2010, zinazohusu wafungwa wanawake, zinataka mbinu kama skana zitafutwe ili zichukue nafasi ya kuwavua nguo. Sharti ni kwamba zichukue nafasi kweli. Gereza linalomvua mtu nguo kisha likampitisha kwenye skana limeongeza mzigo bila kupunguza ule wa zamani.

Inalifaa gereza kubwa la mahabusu, ambako watu huingia na kutoka mahakamani kila siku na mlango wa miili ndio mlango mkuu.

Mbwa

Mbwa wa kunusa hukagua ukumbi wa wageni, mizigo na magari kwa kasi ambayo hakuna askari anayeiweza, na uwepo wake tu huwafanya baadhi ya watu kugeuka kabla ya geti. Hunusa kile alichofunzwa. Dawa mpya za kulevya zinazotengenezwa maabara hubadilishwa muundo mara kwa mara, naye hubaki na somo la jana.

Anachoka haraka, anahitaji mtunzaji wake, daktari wa mifugo na mafunzo yasiyokoma. Na hukosea. Huko New South Wales, Australia, mapitio rasmi ya mwaka 2006 kuhusu mbwa wa polisi katika maeneo ya wazi yalikuta dawa kwa takriban asilimia 26 tu ya watu walioonyeshwa na mbwa. Mtu anaweza kubeba harufu kutoka kwenye kiti cha basi. Basi ishara ya mbwa ichukuliwe kuwa sababu ya kuuliza maswali au kutoa ziara ya kutogusana, mgeni na mfungwa wakitenganishwa, isiwe hukumu. Anawafaa magereza kadhaa yanayoweza kushirikiana kikosi kimoja kinachofika bila taarifa.

Kunakili barua

Njia hii imekuja na karatasi zilizoloweshwa dawa za maabara. Barua inaonekana ya kawaida, pengine ngumu kidogo na yenye mawimbi kama iliyonyeshewa ikakauka, na kipande cha ukubwa wa stempu kinauzwa ndani. Mwaka 2018 jimbo la Pennsylvania, Marekani, liliacha kuwapa wafungwa barua halisi. Zikawa zinaskaniwa nje ya gereza na wao kupewa nakala.

Mlango wa karatasi unafungwa vizuri, na hapo sina ubishi. Gharama yake ni mkataba au watumishi wa kuskani, ucheleweshaji, na kitu kimoja kisichohesabika: mtoto anachora nyumba kwa kalamu za rangi, baba anapata karatasi ya fotokopi yenye mistari ya kijivu. Barua za mawakili ni suala la pekee. Pennsylvania ilianza kuzinakili nazo, ikashtakiwa, na mwaka 2019 ikakubali kuacha. Ukiichagua njia hii, tenga barua za kisheria tangu siku ya kwanza na uhakikishe mtumaji kwa simu.

Inafaa pale tu ambapo daftari lako linaonyesha karatasi. Bila ushahidi huo, unawanyima watu wote barua kwa kosa ambalo huenda halipo kwenu.

Kuziba mawimbi, au kutoa simu halali

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu simu ndiyo magendo yanayozaa magendo mengine. Mei 2006 huko São Paulo, Brazil, kundi la uhalifu liliratibu maasi kwenye magereza zaidi ya 70 kwa wakati mmoja, na simu za mkononi ndizo zilizowaunganisha. Mwaka 2010 huko South Carolina, Marekani, afisa aliyekuwa akiongoza ukamataji wa magendo alipigwa risasi nyumbani kwake kwa amri iliyopangwa kwa simu kutoka gerezani. Alipona.

Njia ya kwanza ni kuvuruga mawimbi. Inaua simu zote, ya mfungwa, ya askari, na ya jirani wa nje ya ukuta ikiwa haikupimwa sawasawa, hata mtu anayepiga kuomba gari la wagonjwa. Ndiyo sababu sheria hutofautiana: Uingereza ilitunga sheria mahususi ya kuruhusu uvurugaji magerezani mwaka 2012, ilhali Marekani Sheria ya Mawasiliano ya 1934 imekuwa kikwazo kwa muda mrefu. Njia ya pili ni mnara wa ndani unaozinasa simu zote na kupitisha zile zilizosajiliwa tu. Marekani ilianzia katika gereza la Parchman, Mississippi, mwaka 2010. Ni nadhifu zaidi kisheria, lakini kila kampuni ya simu inapoongeza masafa au kizazi kipya cha mtandao, mfumo unahitaji kupimwa upya. Gereza lililo katikati ya mji wenye minara mingi litalipia hilo daima. Lililo peke yake mashambani litapata nafuu.

Njia ya tatu huwa haitajwi kwenye vikao vya usalama, nami naiona inastahili kiti: simu halali. Wanaotaka simu kwa ajili ya uhalifu wapo, na hao lazima wakabiliwe. Lakini wengi wanataka kujua kama mtoto amepona, na simu pekee ya bweni ina foleni ya saa mbili na bei inayomkomoa mama aliye nyumbani. Ufaransa ilijaribu simu za mezani ndani ya selo katika gereza la Montmédy mwaka 2016, kisha ikaamua kuzieneza nchini. Mfungwa hupiga namba zilizoidhinishwa tu, na mazungumzo yanaweza kusikilizwa. Jimbo la Connecticut, Marekani, lilipitisha sheria ya simu za bure kwa wafungwa mwaka 2021. Simu halali haimzuii mkuu wa genge kutafuta ya kwake. Inampunguzia wateja, na inamwachia askari watu wachache wa kufuatilia.

Kwa hiyo: uvurugaji unalifaa gereza la ulinzi mkali lililo mbali na makazi, sheria ikiruhusu. Mnara wa ndani unalifaa gereza lenye bajeti ya kudumu ya teknolojia. Simu halali inalifaa gereza ambako simu nyingi zinazokamatwa zina namba za ndugu tupu.

Anga na ukuta

Nyavu, madirisha yasiyofunguka na doria ya nje huzuia mirusho na droni nyingi. England na Wales zimepiga marufuku droni ndani ya mita 400 kutoka magereza yasiyo ya wazi tangu Januari 2024. Marufuku humpa polisi meno, ila haiangushi droni. Nyavu huchanika na kujaa majani, na zisipokaguliwa kila wiki ni pambo. Heshima ya mtu haiguswi hata kidogo, na hilo ni jambo jema. Anza na dirisha lililovunjika kabla ya kununua rada.

Kuwabana na kuwalinda watumishi

Mwaka 2020 korona ilifunga milango ya wageni katika magereza mengi duniani. Dawa ziliendelea kukamatwa ndani, Texas ikiwa mfano uliosemwa sana. Mgeni hakuwepo. Nani alikuwa akiingia na kutoka?

Safari ya mtumishi kuingia kwenye magendo haianzi na simu. Inaanza na mfungwa anayemwona askari amenuna na kumuuliza habari za nyumbani. Kisha ombi dogo: nipelekee ujumbe huu tu kwa mke wangu. Askari anapeleka, kwa huruma. Wiki ijayo ombi ni sigara moja. Ya tatu anaambiwa kwa upole kwamba yale mawili mkuu wa gereza akiyajua, kazi imekwisha. Kwa hiyo kuna begi dogo la kuchukua stendi. Askari mwenye mshahara mdogo na deni amenaswa kabla hajajua kwamba amevuliwa kama samaki.

Hatua zenyewe si za ajabu: kila anayeingia akaguliwe kwenye geti lilelile, mkuu wa gereza akiwa wa kwanza, makabati ya simu nje ya geti, mabegi ya plastiki inayoonyesha, ukaguzi wa siku zisizojulikana, kubadilisha zamu na mabweni, na magari ya wauzaji yafunguliwe kweli. Gharama yake ya fedha ni ndogo kuliko skana. Gharama ya kisiasa ni kubwa, kwa sababu mkubwa anayepita bila kukaguliwa anaubomoa mpango mzima kwa dakika moja.

Upande wa pili ni ulinzi. Kanuni za Mandela zinadai mshahara wa kutosha kuvuta na kubakisha watu wanaofaa. Na yule askari aliyepeleka ujumbe ule wa kwanza anahitaji mahali pa kukiri mapema, nje ya mnyororo wa bosi wake, asifukuzwe siku hiyo. Vivyo hivyo mfungwa anayetoa taarifa: akiitwa ofisini mbele ya bweni zima halafu selo ya jirani ikapekuliwa baada ya saa moja, umemuuza.

Kasoro yake ni kwamba haikamati kitu kilichomo tumboni mwa mahabusu wa leo, na ikifanywa kwa chuki huvunja moyo wa askari waaminifu, ambao ndio wengi. Inafaa kila mahali ambako vitu vinakutwa kwa wingi, vikiwa vizima na kwenye vifungashio vyake.

Uchague lipi, kulingana na hali yako

Gereza la mahabusu lenye safari za mahakamani kila siku: skana ya eksirei pamoja na daftari la dozi, na punguza kuvua nguo kwa kiwango unachoweza kukionyesha kwa takwimu.

Gereza la wanawake, au lenye watoto wengi wageni: kiti cha kubaini chuma, upekuzi wa nguo wa kawaida, chumba chenye mlango unaofungwa. Eksirei iwe ya mwisho.

Gereza dogo la mashambani lisilo na umeme wa uhakika: fedha ziende kwa askari wa kike zaidi, mafunzo ya upekuzi, na mbwa wa kuazima kwa ziara za ghafla.

Kambi ya kazi za nje: skana haitatosha kwa hesabu niliyoonyesha. Nguo za kazi zibadilishwe getini, njia za kwenda kazini zikaguliwe kabla, na wasimamizi wabadilishwe.

Gereza lenye magenge na vitisho vinavyotoka kwa simu: mnara wa ndani au uvurugaji, ukiambatana na simu halali kwa wengine wote. Moja bila nyingine huacha pengo.

Unafikiria kufunga ziara za kugusana kwa wote: simama kwanza. Utafiti wa idara ya magereza ya Minnesota, Marekani, wa mwaka 2011, uliofuatilia watu 16,420 walioachiwa, ulikuta waliotembelewa walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 13 ya kutiwa hatiani upya kwa kosa kubwa. Yule mama wa nepi ni sehemu ya ulinzi wa mtaa atakaorudi mfungwa wake. Mnyime ziara ya kugusana aliyekamatwa, kwa muda unaojulikana, na uwaachie wengine.

Na kama daftari lako lina "simu 1" kurasa nzima, usinunue chochote kwa miezi mitatu. Chukua kalamu, weka sanduku la kuhifadhi kila kilichokamatwa kikiwa na kifungashio chake, na mwambie askari wa zamu ya usiku aandike kama anavyoandika wa mchana.